Mlango wa Nyuma, Ghorofa ya Nne

Punje za mpunga zilianzia kwenye mlango wa ngazi za nyuma, zikapita moja moja katikati ya korido, zikaishia kwenye kizingiti cha Mashimba. Eveline alizifuata ameinama, akiziokota na kuzitia kiganjani. Alipofika mwisho aliinuka, akautazama mlango wa jirani yake, akasema kwa sauti ya chini, "Nimekupata."

Hakuwa amempata, lakini ndivyo alivyojisikia. Eveline alikuwa fundi cherehani pale sokoni Ifakara, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, na ushonaji ulikuwa umemfundisha kuamini macho yake kuliko maneno ya watu. Mteja atakuapia kwamba hajanenepa, halafu tepu inasema vingine. Sasa macho yake yalikuwa yameona ya kutosha: kulikuwa na mtu anayeyagusa magunia yake kwenye ngazi, na mtu huyo aliishi korido moja na yeye.

Magunia kwenye ngazi, ndiyo. Jengo la Adolf lina ghorofa nne, na Adolf mwenyewe anaishi Morogoro. Ngazi zake ni mbili. Za mbele ni pana, zina vigae vinavyong'aa, na ndizo wanazopita watu. Za nyuma ni nyembamba, za zege tupu, zina bomba la kushikilia upande wa ukutani, na aliyechora ramani ya jengo aliziweka kwa ajili ya siku ya moto. Lakini wapangaji wa jengo lile ni watu wa bonde, na mtu wa Kilombero ukimwambia hatari, anafikiria maji. Karibu kila familia mle ndani iliwahi kuamka asubuhi ikakuta sufuria zinaelea. Eveline na mama yake, Balbina, walihamia ghorofa ya nne baada ya mto kuingia kwenye nyumba yao ya Katindiuka na kuulowesha mpunga wa msimu mzima, ukachipua ndani ya magunia wakiutazama. Basi walipoziona zile ngazi za nyuma, kavu, zenye upepo, juu kuliko maji yoyote waliyowahi kuyaona, hawakuona njia ya kukimbilia. Waliona ghala. Ngazi za chini waliziacha tupu kwa kuhofia mafuriko, lakini kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu ilikuwa ni mpunga juu ya mpunga, kila familia na kipande chake, kila gunia na mshono wake. Mshono wa Eveline ulikuwa wa uzi wa kijani, na mafundo yake aliyajua yeye peke yake.

Askari wa zimamoto waliwahi kuja kutoa elimu. Walipanda, wakatazama, wakashika viuno. Wakaeleza vizuri kabisa kwamba moto ukiwaka mbele, njia ni hii moja. Kwamba moshi humuua mtu kabla moto haujamfikia. Kwamba mizigo iondolewe na milango isifungwe. Wapangaji wakaitikia kwa heshima. Siku hiyohiyo magunia yakaingizwa ndani, mengine chini ya vitanda, na Careen wa ghorofa ya tatu akawanunulia askari soda. Hata wiki haikuisha, magunia yakarudi yalikotoka. Viktor, msimamizi wa jengo, alinung'unika kidogo, lakini naye alikuwa na mpunga wake palepale, kwa hiyo manung'uniko yake hayakufika mbali.

Mashimba peke yake hakuwa na gunia hata moja kwenye ngazi zile. Hilo ndilo lililomkereketa Eveline. Mtu asiye na mzigo ghalani, anafuata nini ghalani? Mashimba alikuwa Msukuma, alikuja bondeni kijana mdogo akiswaga ng'ombe wa baba yake, na sasa alikuwa na duka la dawa za mifugo palepale chini ya jengo, upande wa barabarani. Yeye na mkewe Mbuke walikuwa watu wa salamu na tabasamu. Lakini miaka mingi nyuma ng'ombe wa mtu waliwahi kuingia kwenye shamba la kina Eveline, wakalala humo, wakaamka wameshiba, na tangu siku ile Eveline alimwona kila Msukuma kuwa ndiye mwenye ng'ombe wale. Haikuwa haki. Moyoni alijua si haki, ila alikuwa ameshazoea.

Aliwahi kuyakuta magunia yake yamesukumwa ukutani na mengine yamepandishwa juu ya mengine, ikabaki nafasi pembeni kando ya bomba. Mishono ilikuwa mizima. Hapo ndipo alipozidi kuingiwa na wasiwasi, maana mwizi mjanja hafungui mshono. Mwizi mjanja anatumia bambo, kile chuma chenye tundu ambacho wanunuzi hudungia gunia ili waonje mpunga. Anachota kidogo leo, kidogo kesho, na mwenye mali anakuja kushtuka gunia limenywea. Eveline aliyanyanyua yake moja moja kwa pembe. Yote aliyaona mepesi.

"Nakwambia ni yule," alimwambia Careen walipokutana wakianika nguo. "Mchana sisi hatupo, yeye duka lake hapo chini. Anapanda na kushuka kwa nyuma anavyotaka."

"Mh! Wale ni watu wa kuangalia," Careen akasema, akalipeleka neno hilo ghorofa ya tatu, na ghorofa ya pili likafika na viungo.

Nyumbani nako mambo yalianza kumtia shaka. Mama yake alikuwa na zaidi ya miaka sabini na nyonga mbovu, akitembea kwa mkongojo. Zamani aliwahi kuteleza kwenye vigae vya ngazi za mbele, na tangu hapo Eveline alimkataza kutoka. Kila mara mama alikuwa akisema, "Mwanangu, nipeleke chini nikaote jua kidogo," na kila mara Eveline akajibu, "Kaa ndani, mama, utaanguka tena, nani atakuuguza?" Kisha siku moja mama akaacha kuomba. Eveline alishukuru, akadhani amekubali. Lakini uji aliomwachia kwenye chupa ulianza kubaki nusu. Kandambili za mama zikawa na makapi ya mpunga kwenye nyayo. Asubuhi moja, alipompelekea chai, mama akaketi kitandani, akasema kwa uchangamfu, "Mwangaluka!"

"Mama, hicho Kisukuma umekitoa wapi?"

"Redioni," mama akajibu haraka, akaizamisha pua kwenye kikombe.

Eveline hakucheka. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Mama, mchana huwa husikii watu kwenye ngazi za nyuma?"

"Masikio yangu unayajua, mwanangu."

Aliyajua vizuri sana. Masikio ya mama yake yalisikia redio ya jirani kupitia ukuta, yakasikia Eveline akihesabu nauli chumba cha pili. Kwa hiyo mama alikuwa anaficha, na mzee haanzi kumficha mtoto wake jambo bila sababu. Eveline akapata sababu kabla hajafika sokoni: ametishwa. Yule mtu alikuja, akamkuta bibi wa watu peke yake, akamwambia ukisema utaona. Damu ilimchemka mpaka akakata kitambaa cha mteja upande usiotakiwa.

Jioni ile alikutana na Mashimba kwenye korido.

"Habari za kazi, dada Eveline."

"Nzuri."

"Kuna jambo nilitaka nikuambie. Yale magunia yako…"

"Magunia yangu yamefanya nini?"

Mashimba aliutupia jicho mlango wa kina Eveline, ambao ulikuwa wazi kidogo, akasita. Aliponyanyua uso tena, maneno yalikuwa yamebadilika. "Basi tu, yamebana njia. Ukipata nafasi, tuyasogeze kidogo. Hata mimi naweza kukusaidia."

"Njia ya nani? Wewe mbona huna gunia mle?"

"Njia tu, dada."

Akampisha, akaingia kwake. Eveline alibaki pale akilitafakari lile jicho alilolitupia mlango wake. Halikuwa jicho la mtu mwenye dhamira safi, alijiambia. Na kule kujitolea kumsaidia kusogeza magunia kulimchekesha kwa hasira.

Jumapili, baada ya misa, alifanya alichokuwa amekusudia. Aliyavuta magunia yake kutoka ukutani, kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akayapanga kutoka ukuta hadi ukuta, akayapandisha mpaka usawa wa kifua, hata paka asipate pa kupita. Kisha aliufunga mlango wa nyuma kwa kufuli jipya upande wa ngazini, ambako Mashimba asingelifikia, akavuka rundo akashuka na kurudi ghorofani kwa ngazi za mbele, na ufunguo akauning'iniza kwenye tepu yake ya kupimia, ile anayoivaa shingoni kutwa.

"Dada, ule mlango haufungwi," Viktor alimwambia.

"Siku mbili tatu tu, mpaka mwizi ajulikane."

"Basi hata ufunguo mmoja nipe mimi."

"Nitakuletea," Eveline akasema, na Viktor, ambaye hakupenda ugomvi na fundi anayemshonea sare za watoto, akaliacha hivyo.

Jumatatu asubuhi hodi ilibishwa. Alikuwa Mashimba, na Mbuke pembeni yake ameshika khanga kwa mikono miwili.

"Dada, tunakuomba," Mashimba alisema. "Ule mlango uuache wazi. Si vizuri."

Eveline alikaribia kushangilia. Mtu mwingine angejiuliza ni mwizi gani anayekuja na mkewe, asubuhi kweupe, kuomba afunguliwe ghala. Eveline hakujiuliza. Aliona tu kwamba kufuli limewauma, na kama limewauma basi limefika penyewe.

"Si vizuri kwa nani?"

Mbuke alitazama nyuma ya bega lake, kule ndani. Eveline aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama na mkongojo wake, macho chini.

"Eveline, wafungulie," mama alisema.

"Usiwaogope, mama. Hakuna wa kukufanya kitu mimi nikiwepo."

"Siwaogopi. Sikiliza, mwanangu, mimi ndiye…"

"Tutaongea jioni. Nimechelewa sokoni." Akawapita wote watatu, tepu shingoni, ufunguo ukigonga kifungo cha blauzi yake njia nzima.

Mchana jua lilikuwa kali, na Eveline alikuwa akikata suruali ya mtu mfupi kutoka kwenye ya mtu mrefu, alipopita dereva wa bodaboda akipiga kelele kwamba Jengo la Adolf linaungua. Hakukumbuka jinsi alivyopanda pikipiki. Alikumbuka tu kwamba mkasi ulikuwa bado mkononi, na kwamba alikuwa akimsihi Mungu kwa Kipogoro, lugha ambayo hakuwa ameitumia kusali tangu utotoni.

Moto ulikuwa mbele. Chini ya ngazi za vigae, pale zilipofungwa mita za umeme, ndipo wapangaji walipokuwa wakiegesha pikipiki zao zisiibwe, na cheche za waya zilikuwa zimekutana na petroli. Moshi mweusi ulikuwa ukipanda kwa zile ngazi kama kwenye dohani na kutokea madirishani. Watu wa ghorofa za chini walikuwa nje, wengine na watoto, wengine na televisheni. Viktor alikuwa akihesabu vichwa.

"Mama yangu?"

"Sijamwona, dada. Na Mashimba kapanda kwa mbele moshi ulipoanza, kabeba nyundo. Nilimwita, hakusikia."

Kabeba nyundo. Mashimba alikuwa amepanda akijua mlango wa nyuma umefungwa, na akijua na aliyeufunga.

Eveline alizunguka nyuma ya jengo mbio. Ngazi za chini zilikuwa tupu. Kuanzia ghorofa ya pili magunia ya watu yalianza, lakini palikuwa na upenyo kando ya bomba, ghorofa nzima, halafu nyingine, upenyo wa kumtosha mtu mmoja anayetembea taratibu. Kila familia ilikuwa imesogezewa mzigo wake kwa adabu, na hakuna gunia lililochanwa. Alipita. Alipita mbio kwenye njia ambayo mtu mwingine alikuwa ameitengeneza, mpaka kona ya juu ya ghorofa ya tatu, na hapo njia ikaisha.

Mbele yake ulisimama ukuta wa magunia, ukuta hadi ukuta, mshono wa kijani. Juu yake, nyuma ya mlango, nyundo iligonga chuma, ikanyamaza, ikagonga. Kisha akasikia kikohozi. Alikijua kikohozi kile tangu yuko mgongoni.

"Mama!"

"Kuna mtu?" sauti ya Mashimba iliitika, imekauka. "Kufuli liko upande wenu! Fungua!"

Alivuta gunia la juu, halikutikisika. Magunia yale aliyoyaona mepesi yote yalikuwa mazito kama siku aliyoyashona. Hakuna hata punje iliyokuwa imechotwa, na alilijua hilo sasa kwa mikono yake miwili. Akautia mkasi kwenye mshono, akakata, akalipasua gunia mpaka chini. Mpunga ukamwagika miguuni pake, ukateremka ngazi kwa mvumo. Akakata la pili, na la tatu. Alikuwa akilia kwa sauti, bila aibu, akiumwaga mpunga aliokuwa ameulinda kwa kufuli. Viktor alitokea nyuma yake, akayavuta yaliyonywea akayatupa chini. Rundo liliposhuka hadi magotini, Eveline alilivuka kwa mikono na miguu, akafika mlangoni. Ufunguo ulikataa mara mbili kuingia, mara ya tatu ukaingia.

Mlango ulipofunguka, moshi ulitoka kwanza, kisha Mashimba. Alikuwa amembeba Balbina mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama abebwavyo mtoto, na Mbuke alikuwa nyuma akimshikilia bibi kitambaa kibichi puani. Mashimba alikuwa amefumba macho kwa moshi. Hakumwona Eveline. Aliyemwongoza alikuwa Balbina.

"Shuka, baba. Shika bomba. Sasa kona," mama alikuwa akisema, kwa sauti ya kukwaruza lakini bila wasiwasi, kama mtu anayetembea nyumbani kwake. "Hapo pana ufa, vuka. Taratibu."

Mguu wa Mashimba ukazama kwenye mpunga, akayumba, Viktor akamdaka.

"Hapa pamekuwaje?" mama aliuliza. "Juzi palikuwa wazi."

Eveline alikaa palepale kwenye ngazi. Kandambili ya mama yake ilipita karibu na uso wake. Makapi yalikuwa kwenye nyayo.

Zimamoto walifika wakauzima moto kabla haujapanda zaidi. Uani, chini ya kamba za kuanikia, Balbina alikalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyweshwa maji, akakohoa, akanyweshwa tena. Mbuke alimpepea. Mashimba alisimama pembeni, viganja vimechubuka kwa kushika nyundo.

"Nani alifunga ule mlango wa juu?" mmoja wa askari aliuliza.

Watu walitazamana. Careen ndiye aliyepata sauti.

"Si huyo? Kila siku anapanda na kushuka mle, magunia ya watu yanahamishwa. Huna mzigo mle, unafuata nini? Mimi nilisema tangu mwanzo."

Kelele za kukubali zikapita kwenye kundi, na macho yote yakamgeukia Mashimba. Eveline aliyatambua maneno yale neno kwa neno, maana yalikuwa yake. Viktor alitazama viatu vyake. Mashimba alimtazama Balbina, akangoja, kama mtu aliyeahidi kunyamaza na ahadi haijafutwa.

Balbina alivua kandambili moja, akaigonga kwenye ukingo wa ndoo. Punje zikaanguka.

"Alikuwa ananifuata mimi," alisema. "Nilikuwa naota jua hapahapa, kila siku, kisha tukirudi juu napitia kwao kunywa maziwa ya Mbuke. Wao ndio walinishusha na kunipandisha, ngazi za huku hazitelezi. Niliwaapisha wasimwambie binti yangu, maana angenifungia."

Eveline angeweza kunyamaza. Wengi pale hawakuwa na habari za kufuli ni la nani, na Mashimba alishaonyesha kwamba hatasema. Alivua tepu shingoni, akainyanyua juu, ufunguo ukining'inia mwisho.

"Niliufunga mimi," alisema. "Na magunia yaliyoziba njia ni yangu. Mashimba hakuiba chochote. Nilimsingizia kwa watu, na kwa Careen nilianza mimi."

Askari aliupokea ufunguo. Baadaye kidogo Balbina alisema amechoka, anataka kuhamia pale kwenye jua, akanyoosha mkono atafute wa kumwinua. Eveline alikuwa karibu zaidi, akautoa wake haraka. Mkono wa mama ukaupita ule wa binti yake, ukaenda kumshika Mashimba, kiwiko na si kiganja, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Wakaondoka hivyo, taratibu, wakielekea kwenye jua.